Nyenje wametoroka, mende mume hawataki: mjusi wa mwanangu atakula nini?

"Salaam daktari. Tunaishi Minnesota, apatimenti ghorofa ya 3. Kijana wangu wa miaka 11 tulimnunulia yule mjusi mwenye ndevu, dragoni, sasa ana miezi kama 8. Dukani nyenje ni bei, kwa hivyo mwezi uliopita niliagiza boksi la nyenje 1000 onlaini nikawatia kwa kontena kubwa la plastiki, nikakata kifuniko nikaweka wavu wa dirisha. Wiki ya pili tukaanza kuwasikia usiku nyuma ya friji na hata kwa chungu cha maua. Jirani wa chini amelalamika, na meneja wa jengo anasema wiki ijayo ataleta mtu wa kupiga dawa. Kuna mtu ameniambia niachane na nyenje nihamie mende wa dubia, lakini mume wangu amekataa kabisa, anasema mende tuliwaacha Mombasa, hatuwezi kuwalipia waingie nyumbani. Pia binti yangu wa miaka 4 ana pumu. Je hawa mende ni salama ama watajaa nyumba? Na hawa nyenje walio nje nawamaliza vipi? Jambo dogo la mwisho, mjusi siku hizi vidole vya nyuma vinatetemeka akitembea na hapandi gogo lake kama zamani, nadhani ni baridi. Unga wa kalsiamu tunampa kila Jumapili."

Dada yangu, umeuliza kuhusu nyenje na mende na nitakujibu yote, lakini naanza na hilo uliloliweka mwisho ukaliita dogo, kwa sababu kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote. Mjusi wa miezi 8 anayetetemeka vidole na ameacha kupanda gogo, huyo sio wa kusubiri. Siwezi kumpima kwa maandishi, ila ningekuwa na wewe hapo ningekwambia piga simu leo, aonwe wiki hii na daktari anayetibu wanyama watambaao, na sio kila daktari wa mbwa na paka anawajua hawa. Kuna chama kinaitwa Association of Reptile and Amphibian Veterinarians, wana orodha kwenye tovuti yao unatafuta kwa jimbo, anzia hapo.

Baridi inaweza kumfanya mjusi awe mzito na mvivu, hiyo ni kweli, lakini baridi haimtetemeshi mjusi kama inavyotutetemesha sisi, yeye akipoa anatulia tu. Vidole kuchezacheza vyenyewe ni dalili ya kwanzakwanza ya kalsiamu kupungua kwenye damu. Watu wengi wanadhani kalsiamu kazi yake ni mifupa basi, kumbe misuli na mishipa ya fahamu inaihitaji kila sekunde ili ifanye kazi sawasawa, moyo ukiwemo. Sasa mwili hauruhusu damu ikose kalsiamu kirahisi, kuna vitezi vidogo shingoni ambavyo kazi yake ni kulinda hilo, vikiona imepungua vinatoa homoni inayoenda kuchota kalsiamu kwenye mifupa. Inachota leo, inachota kesho, miezi inapita na kwa nje mjusi anaonekana mzima, anakula, anakua, huku taya inalainika na mifupa ya miguu inakuwa kama mpira. Ukiona kutetemeka maana yake hata kule kwenye mifupa sasa panakaribia kukauka. Ndio maana nasema wiki hii.

Habari njema ni kwamba ukimuwahi hapo wengi wanapona, daktari atampiga eksirei, pengine atapima damu, atampa kalsiamu ya maji kwa kipimo chake. Naomba usinunue hiyo ya maji mwenyewe na kumkadiria nyumbani, na usimzidishie vitamini D3 kwa kudhani unamuwahisha, ikizidi inaweka kalsiamu kwenye figo na mishipa ya damu na hapo utakuwa umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Kwa sasa toa magogo marefu asije akaanguka, mwambie kijana asimnyanyue kwa mkono mmoja wala asimvute mguu, mifupa ikiwa laini inavunjika hata kwa mchezo wa kawaida, na hakikisha ile sehemu yake ya kuota joto inafika nyuzi 38 mpaka 42 za Selsiasi kwa kipimajoto cha kihisio, vile vya kubandika kwenye kioo vinadanganya sana. Unga wa kalsiamu ile kavu isiyo na D3 mpakie mdudu kila siku mpaka daktari aseme vingine.

Na hapa ndipo swali lako la wadudu linapoingia, maana haya mawili ni jambo moja. Nyenje ana fosforasi karibu mara 9 ya kalsiamu yake. Mjusi anahitaji kinyume kabisa, kalsiamu iwe angalau sawa na fosforasi, vizuri zaidi iwe mara mbili, kwa sababu fosforasi ikizidi inaishika kalsiamu tumboni isiingie mwilini. Kwa hiyo kumlisha nyenje tupu siku 6 na wenye unga Jumapili, hata wakiwa 1000 na hata akashiba mpaka anakataa, ni kumshindisha njaa ya kalsiamu huku tumbo limejaa. Sikulaumu, pakiti nyingi za unga zimeandikwa vibaya na wauzaji wengi hawaelezi. Sababu ya pili ni taa. Mjusi hutengeneza vitamini D3 kwenye ngozi yake akipata mwanga wa UVB, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, pamoja na joto, na bila D3 hata ukimpakia unga kila siku utumbo hauchukui ya kutosha, nyingi inapita tu. Hukuniambia ana taa gani. Kama ni ile balbu ndogo iliyojisokota imekaa juu ya wavu, au kama taa ina zaidi ya mwaka, au kama mnategemea jua la dirishani, basi jibu ni kama hana kabisa, kioo cha dirisha kinazuia UVB hata kama jua linaonekana kali, na taa ya zamani inaendelea kuwaka vizuri machoni mwetu huku UVB yake imeshakwisha. Nunua ya mrija mrefu mwembamba, ile iliyoandikwa T5 na UVB ya asilimia 10 au 12, ibadilishe kila baada ya miezi 6 hadi 12 kufuatana na alichoandika aliyeitengeneza. Minnesota miezi ya baridi hakuna jua la kumtoa nje hata ukitaka.

Haya, la pili kwa haraka ni huyo mtu wa dawa. Mpigie meneja kabla hajafika. Sisi watu wa Afrika Mashariki pareto tunaijua, Kenya iliwahi kuongoza dunia nzima kwa kuilima, na dawa nyingi za kupuliza ndani ya nyumba siku hizi ni sumu iliyotengenezwa kiwandani kwa kuiga ile ya ua la pareto. Zinauzwa kama dawa zisizo na shida kwa watu, lakini mjusi ana mwili mdogo, anaishi chini chini ambako dawa inatua, na anaramba kila kitu kwa ulimi kujua dunia yake ikoje. Mbaya zaidi ni nyenje aliyepuliziwa nusunusu, hajafa bado, anarukaruka kwa udhaifu, mjusi anamwona ni rahisi anamdaka. Mwambie meneja ukweli kwamba ni wadudu wa chakula waliotoroka sio uvamizi, na umuombe akupe muda uwakamate kwa mitego, akikataa basi omba mitego ya gundi badala ya kupuliza. Ikishindikana kabisa, mjusi na kitanki chake na vyombo vyake vyote vihame kwa rafiki, warudi nyumba ikiwa imekauka na imepigwa hewa ya kutosha, mimi ningempa siku 2. Na kwa mtoto mwenye pumu hiyo dawa sio rafiki pia, hilo mwambie meneja litangulie.

Kuwamaliza walio nje sio kazi kubwa kama inavyosikika usiku. Anayelia ni dume peke yake, jike hana sauti, kwa hiyo ukisikia wawili ujue pengine wako wanne. Wako nyuma ya friji kwa sababu mota ina joto na makombo yapo. Nyenje mkubwa haishi muda mrefu, ni wiki kadhaa tu anakufa, kitu kinachoweza kuwafanya waendelee ni mayai, na jike hatagi popote, anatafuta unyevu, udongo laini. Ndio sababu umewasikia kwenye chungu cha maua dada, hapo sio bahati mbaya. Hicho chungu kitoe nje kwenye baridi kikae huko, ua utalipoteza lakini na mayai yatakufa, kama ua unalipenda sana basi toa udongo wa juu wote na uache kukauka kabisa kabla ya kumwagilia tena. Vyungu vingine vyote angalia. Kisha chukua chupa ndefu ya kioo yenye mdomo mpana, weka kipande cha karoti na chembe za mkate ndani, nje izungushie karatasi au kitambaa kibovu wapate pa kupandia, iweke nyuma ya friji ukizima taa. Wanapanda, wanaingia, kioo safi ndani hawakiwezi. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki 6 hadi 8 hata kama umeacha kuwasikia, maana mayai yaliyotagwa mwishoni yatakuja kuanguliwa baadaye kidogo. Sakafu ifutwe makombo, bomba linalovuja chini ya sinki lizibwe. Hao utakaowakamata usimpe mjusi, hujui wamepita wapi na wamelamba nini.

Walitokaje? Kwenye wavu wa dirisha. Huo huwa ni wa nyuzi laini zilizopakwa plastiki, na nyenje ana meno ya kazi, anautafuna kwa siku chache, anaanza mmoja anafungua njia kwa wote. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kufuga wadudu niliweka kitambaa cha chandarua juu ya kontena nikaenda safari siku 3, niliporudi kontena lilikuwa tupu na nyumba nzima inalia, kwa hiyo nakuelewa sana unaposema hamlali. Wavu uwe wa chuma, ule wenye matundu madogo, ushikwe kwa gundi ya moto kuzunguka tundu kwa ndani na nje. Kontena liwe la plastiki nyororo, refu, la lita 40 hivi, kama kuta zina mikwaruzo zungushia selotepu pana ile ya kufungia maboksi juu ndani, upana wa mkono, nyenje na mende wote wanateleza hapo. Ifute mara kwa mara kwa sababu vumbi likikaa linawapa pa kushika. Ndani weka trei za mayai za karatasi zisimame wima ili uchafu udondoke chini, na zisiguse juu wala zisikaribie ule ukingo wenye selotepu. Usiweke udongo wala pamba yenye maji, pamba ikilowana wanataga humo. Maji wapate kwenye kipande cha karoti au chungwa unachobadilisha kila siku.

Kosa lingine, na hili ningependa likae kichwani, ni ile 1000. Bei kwa kila mmoja ilikuwa ndogo nakubali, ila mjusi wa miezi 8 anakula labda 10 hadi 20 kwa siku pamoja na mboga zake, na nyenje walioagizwa wakubwa wanakufa kwa uzee kabla hajafika nusu, wakirundikana wanakulana, hewa inajaa amonia, wanaokufa wananukisha wengine, wale wanaobaki ni wadudu wenye njaa na kiu ambao hawana kitu tumboni cha kumsaidia mjusi. Nunua wachache, 50 basi, uwalishe vizuri, waishe, ununue tena. Hata kontena likifunguka siku hiyo unatafuta nyenje 20, hutafuti mamia.

Kuwahamisha toka kontena kwenda kwa mjusi ndipo wengi wanapowapoteza. Weka ndani ya kontena zile roli za karatasi zinazobaki tishu ikiisha, nyenje wanapenda kujificha humo, unaziba pande mbili kwa viganja, unatoa roli, unatikisia kwenye kikopo chenye unga wa kalsiamu, unatikisa kikopo wapakike, unawamwagia mjusi. Ukiwaweka kikopo hicho kwenye friji dakika chache kabla wanapoa wanakuwa wazito hawaruki. Utasikia watu wanashauri ufanyie kazi hii ndani ya beseni la kuogea kwa sababu ni nyororo, mimi kwa nyumba yenye mtoto wa miaka 4 sishauri, tafuta kontena kubwa jingine tupu lenye kuta ndefu ufanyie humo. Na asiyeliwa asilale na mjusi, dakika 15 zikipita mtoe, nyenje mwenye njaa usiku anamtafuna mjusi aliyelala, vidole na kope za macho, nimeshona vidonda hivyo mara nyingi. Ukubwa wa mdudu usizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi.

Sasa mende. Mume wako amekataa na nadhani anawaona wale wekundu wa chooni Mombasa wanaoruka usoni, na wale wadogo wa kahawia wa kabatini. Dubia sio hao. Asili yake ni Amerika Kusini, ana urefu wa sentimita 4 hivi akikomaa, hawezi kupanda kioo wala plastiki nyororo, dume ana mbawa lakini sana sana anajirusha kushuka chini, halii, hanuki kama nyenje, na ili azaane anataka joto la nyuzi 27 na kuendelea kwa miezi, mtoto wake anachukua miezi 4 mpaka 6 kukomaa. Apatimenti yenu ya nyuzi 20 au 21 akitoroka mmoja atajificha mahali atakufa, hatajaza nyumba. Kwa hiyo kwenye swali la kujaa nyumba mume wako hana haja ya kuogopa. Kuna aina nyingine inauzwa, wembamba wekundu wanaokimbia sana, wale mende wa Turkestan, hao kweli usiwaguse, wanataga vifuko vya mayai, wanaenda mbio, na kusini magharibi mwa Marekani wameshatoka wakawa wadudu wa mitaani. Ujue pia dubia hatumwi kila mahali, Florida, Hawaii na Kanada hawaruhusiwi, kwa hiyo mkija kuhama angalieni.

Lakini pamoja na kumsifia hivyo, mimi nakushauri usimlete, na sababu ni binti yako. Kinyesi cha mende na magamba anayoyavua vinakuwa vumbi, na protini zilizo humo ni kati ya vichochezi vya pumu vinavyojulikana zaidi kwa watoto. Dubia naye ni mende, watu wanaofuga makoloni yake wengine wanaanza kwa mafua na macho kuwasha wakifungua kontena, baadaye kifua. Nyenje wana vumbi lao pia, na kuna protini moja inafanana kwa mende, nyenje, utitiri wa vumbi la nyumba na hata kamba wa baharini, ndio maana aliyezoea kuwashwa na mmoja anaweza kuwashwa na mwingine. Muulize daktari wa mtoto kama walishampima ana aleji ya nini. Kama ni utitiri au mende, au kama akila kamba anawashwa mdomo, basi kontena lolote la wadudu hai linalokaa wiki kwa wiki ndani ya ile apatimenti ni hatari ambayo huna sababu ya kuibeba. Kwa hiyo mume wako kafika mahali sahihi, ingawa kwa njia nyingine.

Basi alishwe nini? Ningekuwa mimi, chakula chake cha msingi ningefanya funza wa nzi askari mweusi, hawa ambao wafugaji wa kuku Kenya na Tanzania siku hizi wanawazalisha kwa taka za sokoni, huko kwenu wanauzwa kwenye vikopo madukani na onlaini kwa majina mbalimbali ya biashara. Ni mdudu wa pekee kati ya hawa wa kawaida ambaye kalsiamu yake inazidi fosforasi bila kupakwa kitu. Haruki, halii, kikopo kinakaa mahali pa baridi kidogo nyuzi 10 hadi 15, hahitaji kulishwa, na hana lile vumbi la kontena la nyenje. Ubaya wake ni mdogo kwa umbo, na ngozi yake ni ngumu kidogo, mjusi asipotafuna anatoka mzima kwenye kinyesi, ukiona hivyo mtoboe kwa sindano kabla ya kumpa. Ukimsahau anageuka nzi mweusi, asiyeuma na asiyekimbilia chakula chenu, lakini bado ni nzi, kwa hiyo wakianza kuwa weusi watoe. Hata hivi hawamalizi haja ya UVB na ya daktari, usije ukasema nimebadilisha mdudu yameisha.

Mara moja au mbili kwa wiki mwongezee viwavi wa hariri, laini, wana protini nzuri, hawapandi hawaruki. Nyenje anaweza kurudi baadaye kama daktari wa mtoto hana pingamizi, 20 au 30 wa dukani, wanaisha siku mbili tatu. Funza wa unga sio mabaya kama watu wanavyosema, ile hadithi kwamba anamtafuna mjusi tumbo akatokea nje si kweli, mdudu akishafika tumboni haishi muda wa kufanya hivyo, tatizo lake ni mafuta na maganda, basi kidogo. Funza wale wakubwa wa zofobasi wana mafuta zaidi, na usiwatie friji, wanakufa. Viwavi wa nta ni mafuta matupu, peremende tu. Na ukifika kiangazi mwambie kijana kwa msisitizo asimpe mjusi kimulimuli hata mmoja. Minnesota vimulimuli vipo jioni, watoto wanawakamata kwa mikono, na kimulimuli mmoja ana sumu inayoweza kumuua dragoni kwa muda mfupi, moyo unasimama. Wadudu wa kuokota nje kwa ujumla sishauri kwa sababu ya dawa za majani, na kiwavi wa kwenye mnyanya wa bustanini usimpe, amekula majani yenye sumu, wale wa dukani wamelishwa chakula kingine.

Kwa mdudu yeyote anayekula, mlishe siku 1 au 2 kabla hajaliwa, kwa sababu tumbo la mdudu ndilo sahani ya mjusi. Sukuma wiki ni nzuri ajabu kwa hili, ina kalsiamu nyingi na supamaketi za huko zipo tele, karoti, boga, majani ya haradali. Spinachi na mchicha zisiwe za kila siku, zina oksalati inayofunga kalsiamu. Na hiyo hiyo sukuma ikatwe ndogo ndogo mjusi awekewe kila asubuhi, huyu anavyokua anaacha wadudu anaingia kwenye mboga, akipita mwaka na nusu wadudu watakuwa mara 2 au 3 kwa wiki na bakuli la majani kila siku. Ukipiga hesabu hivyo hata bei inashuka, dada, hutahitaji tena boksi la 1000.

Jambo jingine kuhusu binti, sitaki nilipite. CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, inashauri watoto chini ya miaka 5 wasiguse wanyama watambaao wala wasiguse mahali wanapokaa, sababu ni salmonela, bakteria wa kuharisha ambao mjusi anawabeba tumboni bila kuumwa. Vyombo vyake visioshwe sinki la jikoni, kijana anawe mikono kwa sabuni kila akimshika, na tanki liwe chumbani kwa kijana mlango umefungwa. Wadudu nao wakae huko huko, sio jikoni. Binti akianza kukohoa usiku au kutumia inhela mara nyingi kuliko alivyozoea tangu wadudu waingie, kontena litoke siku hiyo hiyo na umpeleke kwa daktari wake, usisubiri wadudu waishe kwanza.

Kwa mjusi, kama kabla ya hiyo apointimenti utaona mwili mzima unakakamaa au anatetemeka mfululizo, anashindwa kuinua tumbo lake kutoka chini, taya inabonyea ukiigusa kwa upole, au mguu umekaa upande usio wake, hiyo ni dharura, mpeleke siku hiyo hata kama ni usiku. Msafirishe ndani ya boksi dogo lenye taulo, na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa, maana toka mlangoni mpaka kwenye gari Minnesota ni baridi ya kumzimisha. Nenda na pakiti ya unga wa kalsiamu, piga picha ya taa na maandishi yaliyo kwenye balbu, picha ya tanki zima, na uandike alikula nini wiki mbili zilizopita hata kama unaona aibu, na kama atajisaidia kabla hujatoka weka kinyesi kwenye kimfuko wakiangalie minyoo, nyenje wa jumla huja nayo mara nyingi. Ukisharudi niandikie wamekuta nini kwenye eksirei na taa uliyonayo ni ipi, hapo nitakupangia umbali wa taa na idadi ya wadudu kwa wiki vizuri zaidi ya hivi ninavyokisia.